Faiba huachana kabla haijavunjika

Kona ya Fundi Boti: maswali yenu ya mwezi huu

Barua za safari hii zimetoka Mafia, Mombasa, Pemba, Kilifi na Mwanza. Kila moja ina shida yake, ila ukizisoma kwa pamoja utaona karibu zote zinalia kilio kimoja: kitu kilichobandikwa kimebanduka. Kazi ya faiba niliianza Muscat nikiwa kijana, nikaja kuiendeleza hapa Maruhubi, Unguja, na boti nyingi zinazoletwa karakana zikiwa mahututi hazikupasuka kwa kugonga mwamba. Zimeachana. Nyuzi za kioo na rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda, vikishikana vizuri vina nguvu kupita watu wanavyodhani. Kinachosalimu amri ni pale tabaka jipya lilipowekwa juu ya tabaka lililokwisha kukauka. Kwa hiyo barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, na wengine mniwie radhi.

*Assalamu alaykum Fundi. Nina boti ya faiba ya futi 26, injini mbili za farasi 40. Nachukua wageni Kilindoni kwenda kuangalia papa potwe. Tangu kusi iliyopita, boti ikishuka kwenye wimbi nasikia kitu kinagonga chini ya sakafu ya mbele. Nilipofungua nikakuta mihimili miwili ya upande wa kulia imeachana na ganda, kisu kinapita chini yake bila kusukumwa. Fundi wa hapa alisafisha akabandika mati mbili za nyuzi za kioo juu. Zimeshika wiki chache tu, sasa zimebanduka tena na zimetoka vipande vizima. Je, rezini ilikuwa mbovu? Nibadilishe aina? — Nahodha, Kilindoni, Mafia*

Wa alaykum salaam Nahodha. Kabla ya yote, boti hiyo isibebe mtu mpaka itengenezwe. Mihimili ndiyo inayolizuia ganda la chini lisipinde. Ikishaachia, ganda linapokea peke yake kila pigo la wimbi, na siku litakapochanika halitangoja mfike pwani.

Sasa ile mati iliyotoka nzima. Natumai hujaitupa. Igeuze, uitazame upande wa chini ukiwa juani. Ukiona ni laini, inang'aa na imechukua chapa ya uso wa zamani, hata michirizi ya brashi ya fundi aliyeijenga boti inaonekana, basi rezini mpya haikushika kabisa, ililala tu juu. Ukiona imetoka na manyoya, yaani nyuzi nyeupe zilizong'olewa kwenye ganda, hapo maungio yalishika na kilichozidi ni mzigo. Kwa ulivyonieleza, naamini utakuta hali ya kwanza. Rezini haikuwa mbovu. Uso ndio haukuandaliwa.

Boti inapojengwa kwenye kalibu, fundi hupaka jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, akaweka mati, akaweka rovingi, yaani kitambaa kizito kilichofumwa, tabaka juu ya tabaka, na kila moja huwekwa wakati lililo chini yake bado bichi kidogo, linanata ukiligusa. Poliesta, ile rezini ya kawaida ya boti, ikiwa katika hali hiyo haijamaliza kufunga, kwa hiyo rezini ya juu na ya chini huungana na kuwa kitu kimoja. Muda huo ni mfupi, siku moja au mbili kwa kukadiria, na katika joto letu ni pungufu ya hapo. Ukichelewa, ya chini imeshafunga. Utakachoweka juu hakiungani nayo tena, kinashikilia tu kwa kung'ang'ania mikwaruzo. Pasipo mikwaruzo hakuna kinachoshika.

Na yupo adui mwingine asiyeonekana. Poliesta ikiguswa na hewa haikauki vizuri kwa juu, hubaki inanata. Ndiyo maana rezini ya tabaka la mwisho hutiwa nta kidogo. Nta hupanda juu na kuizuia hewa. Ndani ya boti yako, huko chini ya sakafu, huenda uso wote una utando huo. Ukibandika juu yake umebandika juu ya mshumaa.

Hapa wengi wanapindua mpangilio. Wanachukua grainda kwanza, wanasaga, halafu ndipo wanafuta. Grainda huipasha nta joto na kuisugulia ndani ya mikwaruzo ile ile inayotakiwa kushika. Wewe anza na asetoni, dawa ya kuyeyushia nta. Chukua kitambaa cheupe kisafi, futa kuelekea upande mmoja, kigeuze, kisha kitupe uchukue kingine. Ndipo usage kwa diski ya msasa namba 36 au 40 mpaka mng'ao wote upotee. Vumbi liondoe kwa brashi kavu au mashine ya kunyonya. Usifute kwa petroli, Nahodha, nakuomba, na hasa petroli ya kwenye tangi la injini iliyochanganywa na oili. Nimeona uso uliosagwa vizuri kabisa ukaharibiwa kwa kitambaa kimoja cha petroli, na jioni yake fundi akabandika juu ya mafuta bila kujua.

Kuna maji pia. Ganda la ndani la boti ya kazi lina chumvi kila pembe, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Kwa hiyo kabla ya asetoni osha kwa maji ya kisima au ya bomba, suuza tena, halafu acha pakauke siku kadhaa boti ikiwa chini ya paa. Masika kama huna banda usianze kazi hii. Na asubuhi usibandike kitu kabla umande haujakauka, maana faiba iliyopoa usiku hutoa jasho ambalo jicho halilioni. Ukitaka kuhakikisha, chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike kwa utepe pande zote nne juu ya ganda jioni, na uking'oe asubuhi. Ukikuta matone upande wa ndani, bado hapajakauka.

Umeuliza aina ya rezini. Kwa kujenga boti mpya poliesta inatosha, na boti nyingi unazoziona zimejengwa nayo. Lakini kwa kubandika juu ya faiba iliyokwisha kukauka mimi natumia epoksi. Ni ghali, naelewa, ila kwa mihimili miwili unahitaji kilo chache tu, na inashika faiba ya zamani kwa nguvu ambayo poliesta haiifikii. Angalia tu usitumie mati ya kawaida. Nyuzi za mati zimeshikizwa kwa gundi inayoyeyushwa na staireni iliyomo kwenye poliesta, na epoksi haina staireni. Mati hiyo ukiilowesha kwa epoksi itabaki ngumu na kuacha mapovu kwenye kona. Tumia kitambaa kilichofumwa au kilichoshonwa. Na ukishaweka epoksi mahali, usirudi juu yake na poliesta, kwa kuwa haishiki kwa kuaminika.

Kazi yenyewe sasa. Usimimine rezini kwenye ufa ukadhani umemaliza, maana hivyo ndivyo inavyofanywa kwenye fukwe nyingi na haisaidii kitu. Kata mabandiko ya zamani yote mpaka ufikie sehemu iliyoshika kweli. Utaijua kwa kugonga kwa ncha ya mpini wa bisibisi: palipo pazima sauti ni kali na fupi, palipoachana ni nzito na butu. Chora kwa chaki mpaka wa sauti hizo mbili, halafu kata kupita chaki. Chini ya mhimili jaza uji wa epoksi uliokorogwa na unga wa silika mpaka usimwagike ukiinamisha kopo. Kona zote mbili zijaze ziwe za mviringo, zilainishwe kwa mgongo wa kijiko, kwa sababu kitambaa hakikai kwenye pembe kali. Kikilazimishwa huacha hewa nyuma yake, na hapo ndipo kubanduka kunapoanzia. Uji ukiwa bado haujakauka kabisa, weka kanda za kitambaa: ya kwanza ilalie ganda kwa sentimita 5, ya pili 7 na nusu, ya tatu 10. Zisiishie zote mahali pamoja, vinginevyo umetengeneza ukingo mmoja mgumu na ganda litapinda hapo hapo.

Kwa sababu hiyo hiyo tazama mhimili unapoishia mbele. Ukikuta umekatwa mraba, ghafla, usiuache hivyo. Uchonge uteremke taratibu kwa sentimita 20 au 30 mpaka ukutane na ganda. Mihimili mingi niliyoikuta imeachana ilianzia kwenye ncha hiyo.

Na boti yako inalala wapi maji yakipwa? Boti nyingi za Kilindoni hupwelewa mchangani. Kwetu pwani tofauti ya kupwa na kujaa hufika karibu mita 4 wakati wa bamvua, na maji yanaporudi, boti yenye injini mbili na mafuta hunyanyuliwa na kubwagwa, hunyanyuliwa na kubwagwa, mpaka ielee. Hakuna anayelihesabu pigo hilo kwa kuwa ni dogo, na mara nyingi nahodha yuko nyumbani. Mimi nina imani limeachanisha mihimili mingi kuliko safari zenyewe. Ukipata pa kuiegesha ikiwa inaelea, lipia.

*Shikamoo Fundi. Najifunza kazi ya faiba. Mwalimu wangu anatia hadina kwa kukadiria, na siku za joto ananiambia nitie tone tu ili rezini isigande upesi. Vipande vingine vinabaki vinanuka wiki nzima. Ni sawa? — Mwanafunzi, Likoni, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Si sawa. Kilo moja ya rezini ya poliesta inataka gramu 10 hadi 20 za hadina, yaani asilimia 1 hadi 2. Siku ya joto kaa karibu na 10, lakini usiteremke chini yake. Hadina ikipungua, rezini huganda bila kuiva; harufu unayoisikia ni staireni ambayo haikufunga. Tabaka la namna hiyo halina nguvu, na utakachobandika juu yake kitakuja kutoka nalo.

Ukitaka muda zaidi, punguza rezini, usipunguze hadina. Koroga nusu kilo, uimimine kwenye trei pana badala ya kuiacha koponi, kwa sababu rezini ikiwa nyingi mahali pamoja hujipasha moto yenyewe. Fanya kazi kivulini. Muscat wakati wa kiangazi tulikuwa tunabandika usiku. Nunua mizani ndogo ya jikoni uiweke mezani pa kazi; mwalimu wako akiona vipande vyako vinaiva vyote, ataitumia bila ya kuambiwa, na heshima yake itabaki palepale.

Na kama rezini yenu inakuja bila kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, na mnaitia wenyewe, shika hili kuliko yote: kobalti na hadina zisikutane zenyewe kamwe, zinaweza kulipuka. Tia kobalti kwenye rezini, koroga mpaka ipotee yote, ndipo utie hadina. Miwani isitoke usoni. Tone la hadina likiingia jichoni linaweza kukupofusha. Osha kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa nzima, halafu nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa.

*Fundi, mimi ni mwanamke wa Mkoani. Marehemu mume wangu ameniachia mashua ya mbao ya futi 28, vijana wanaivulia. Kila mwaka gharama za kalafati, kuziba mishono kwa pamba, zinapanda. Amekuja fundi ananishawishi tuivishe faiba nje yote, anasema nitasahau kalafati maisha. Anataka nusu ya fedha mbele. Nimpe? — Mama mwenye mashua, Pemba*

Pole sana dada yangu kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Usimpe.

Mashua hiyo imepakwa sifa, yaani mafuta ya papa, kwa miaka mingi, nayo yamezama ndani ya mbao mahali ambapo msasa na asetoni havifiki. Chini imepakwa shahamu na chokaa. Faiba haishiki mafuta. Na hata mbao zingekuwa safi, zina maji. Ili faiba ishike mbao, unyevu wake usizidi kama asilimia 12 hadi 15, na mashua inayoelea kila siku haifiki hapo bila kukaa nchi kavu kwa miezi. Ikikauka hivyo, mbao zinasinyaa, mishono inafunguka, misumari inalegea, nawe utakuwa umelipa kuharibiwa mashua kabla faiba yenyewe haijafunguliwa koponi.

Tuseme amefanya yote hayo na amebandika. Mashua inarudi majini, na maji yanapenya mahali fulani, ama kwenye tundu la msumari, ama kutoka ndani, ngamani, pale chini maji yanapokusanyika. Mbao zinavimba, faiba haivimbi. Isitoshe, poliesta husinyaa wakati wa kukauka, kwa hiyo tangu siku ya kwanza inajivuta kutoka kwenye mbao. Niliwahi kuletewa mashua iliyovishwa namna hiyo, nyeupe, inang'aa, imepigwa rangi juzi. Niliingiza bisibisi kwenye ukingo wa omo, mbele ya mashua, nikaikunjua faiba kwa mikono miwili mpaka katikati ya ubavu bila ya kutumia nguvu. Nyuma yake yakatoka maji meusi yenye harufu, na mbao unazichota kwa kidole. Mwenye mashua alisimama pale hakusema neno. Mshono wa kalafati ukivuja unauona, na jioni hiyo hiyo unauziba; chini ya faiba mbao huoza na wewe huna habari.

Fedha hiyo itie kwenye mashua kama mashua ya mbao. Mishono ya chini ifunguliwe, pamba mpya, misumari iliyoliwa na kutu ibadilishwe, mbao mbovu ikatwe iwekwe nyingine. Mkoani wapo mafundi wa kazi hiyo, nao wanajulikana na wavuvi wote. Waulize vijana wako. Faiba juu ya mbao inafaa pale boti inapojengwa mpya kwa makusudi hayo, mbao nyembamba zilizokaushwa au plaiwudi ya baharini, epoksi ndani na nje. Boti ya namna hiyo na mashua ya mzee ni vitu viwili tofauti.

*Salaam Fundi. Natunza yoti ya faiba ya futi 38 hapa Kilifi. Mwezi uliopita mwenyewe aliigonga mkuku, lile pezi zito la chini, kwenye mwamba akiingia mlangoni mwa mto. Hakuna maji yanayoingia, na yeye anataka kuondoka na kaskazi kwenda Madagaska. Nimesikia mkuku wa yoti unaweza kung'oka baharini. Ni kweli au ni maneno ya watu? — Baharia, Kilifi*

Ni kweli, ndugu yangu, na nitakupa mfano unaojulikana ili umwonyeshe tajiri wako.

Mwezi Mei 2014 yoti ya Uingereza iitwayo Cheeki Rafiki, ya futi 40, ilikuwa inarudi Southampton kutoka Antigua. Ilikuwa na mabaharia wanne. Ilipofika kama maili 720 mashariki kusini mashariki ya Nova Scotia, Kanada, mkuku ulitoka na yoti ikapinduka. Baada ya siku kadhaa manowari ya Marekani ililikuta ganda limeelea kifudifudi, boti ya mpira ya kujiokolea ikiwa bado ndani mahali pake. Wote wanne walipotea. Mwaka 2015 idara ya Uingereza inayochunguza ajali za baharini, MAIB, ilitoa ripoti yake. Walionusurika hawakuwepo na ganda lenyewe halikuopolewa likachunguzwa, kwa hiyo idara ililisema jambo kwa tahadhari: haielekei kwamba yoti iligonga kitu baharini, inawezekana kwamba kugonga chini kwa nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, vililidhoofisha ganda pale mkuku uliposhikiziwa. Inawezekana pia bolti moja au zaidi zilikuwa zimeliwa.

Yoti nyingi za miaka hii zinajengwa hivi. Ganda hutolewa kwenye kalibu yake. Mihimili yote ya ndani hutolewa kwenye kalibu nyingine ikiwa kipande kimoja, fremu yenye vyumba vyumba. Fundi hupaka gundi nzito ndani ya ganda, fremu hushushwa kwa kreni, hukandamizwa, imekwisha. Ni haraka na ni nadhifu. Shida yake ni kwamba hakuna anayeona kama gundi imetandaa kila mahali au imeacha mapengo, na miaka ikipita hakuna anayeona kama bado imeshika. Bolti za mkuku zinapita kwenye ganda na kwenye fremu hiyo. Gundi ikiachia kandokando yake, ganda linabaki linaubeba mkuku peke yake, na kila yoti inapolala kwa upepo mkuku unalipinda ganda upande huu, halafu upande ule. MAIB ilieleza wazi kwamba kuachana huku si rahisi kukugundua. Ndiyo sababu "hakuna maji yanayoingia" si jibu la kutosha.

Fanya hivi. Mkuku unapogonga mwamba kwa mbele, sehemu yake ya nyuma husukumwa juu kuingia ndani ya ganda, na ya mbele huvutwa chini. Kwa hiyo anza nyuma. Inua mbao za sakafu zote, si zile zinazoinuka kwa urahisi tu, usafishe ngama ikauke, utafute ufa mwembamba kwenye ukingo wa fremu inapokutana na ganda. Tazama kwa tochi ndani ya vitundu vya kupitishia maji. Kingo za gundi zinaonekana hapo, na ukiona imemeguka au kuna mstari mweusi wa uchafu ulioingia kati, fremu inacheza. Tazama kutu au unyevu kwenye vichwa vya bolti. Gonga kote kwa nyundo yenye kichwa cha plastiki, na chora kwa chaki kama nilivyomwambia Nahodha wa Mafia.

Kisha yoti ipandishwe. Ikiwa imekaa juu ya mkuku, pima kwa macho mstari unapokutana mkuku na ganda. Halafu inyanyuliwe kidogo kwenye mikanda, mkuku uning'inie, na wewe uwe na kidole kwenye mstari huo. Ukifunguka hata kwa unene wa karatasi, safari hakuna. Naongeza jambo moja, ulibebe vizuri: kugonga si kipimo kamili. Yapo maungio yaliyogusana tu bila ya kushikana, nayo hutoa sauti nzima kabisa mpaka siku ya mzigo. Kwa yoti inayokwenda Madagaska baada ya kugonga mwamba mimi ningetaka bolti moja au mbili za nyuma zitolewe zitazamwe, na mkaguzi aliyesomea kazi hiyo aweke sahihi yake.

Ikikutwa imeachana, asije mtu akatoboa matundu kwenye fremu na kusindilia gundi kwa bomba, akasema imepona. Gundi mpya itakutana na gundi kuukuu iliyojaa chumvi na mafuta ya ngama. Fremu ifunguliwe pale ilipoachia, pasagwe mpaka faiba safi, na pajengwe upya kwa vitambaa. Ni kazi ya wiki nyingi, na kaskazi inaweza kumpita. Mwambie hivyo. Wewe ndiye utakayekuwa naye ndani.

*Fundi, boti yangu ya faiba niliileta Mwanza kutoka Dar. Imekaa ziwani muda mrefu bila kupandishwa, na sasa chini imetoa malengelenge ya ukubwa wa sarafu. Nimetoboa moja, limetoka maji yanayonata yenye harufu ya siki. Ndiko kuachana huko unakokuzungumzia kila siku? — Mwenye boti, Mwanza*

Mara nyingi sivyo, ila inaweza kuwa mwanzo wake. Maji hupenya jelikoti kidogo kidogo, yanakutana na mabaki ya rezini ambayo hayakuiva, yanatengeneza majimaji mazito, nayo huvuta maji mengine mpaka jelikoti inavimba. Maji ya ziwa hufanya hivyo upesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo boti iliyokaa salama Dar inaweza kuvimba Mwanza.

Pandisha boti, chagua malengelenge machache sehemu tofauti, uyafungue kwa patasi. Ukikuta shimo limeishia chini ya jelikoti tu na faiba iliyo nyuma yake ni ngumu na inaonekana wazi, ni kazi ya kusaga, kuosha kwa maji ya moto mara nyingi, kukausha kwa wiki kadhaa, na kupaka epoksi matabaka kadhaa kabla ya rangi. Kati ya tabaka na tabaka la epoksi osha kwa maji na sponji ya kusugulia, kwa sababu aina nyingi huacha utando wa kuteleza juu, na usipouondoa, rangi itakuja kubanduka. Ukikuta shimo linashuka ndani, nyuzi ni nyeupe na kavu, na patasi inaingia kati ya mati na rovingi bila ya kupigwa, hapo matabaka yameachana na sehemu hiyo ikatwe ijengwe upya. Kingo zake zichongwe ziteremke kwa kipimo cha 12 kwa 1: ganda la milimita 6 linataka mteremko wa milimita 72 kuzunguka shimo lote. Na unapotoboa malengelenge yaliyobaki vaa miwani, maji yale yana asidi na hutoka kwa kishindo.